Dola, Serikali na Nchi: Maneno ya Kiswahili katika Mafunzo ya Siasa kwenye Madarasa ya Juu ya Sekondari

0. Utangulizi

Tarehe 27 Januari 2021, mjini Kinshasa, wabunge 367 kati ya 382 walioshiriki kura waliiondolea imani serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu alijiuzulu. Kwa Kiswahili cha kila siku tukio kama hilo husemwa kwa maneno mawili tu: serikali imeanguka.

Maneno hayo mawili hayasikiki namna moja katika kila sikio. Mtu mzima aliyeona mwaka 1997, majeshi ya AFDL yalipouangusha utawala wa Marshal Mobutu, anajua maana moja ya kuanguka kwa serikali: askari wapya mjini, maduka yaliyofungwa, watoto wanaoitwa nyumbani kabla ya saa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite, ambaye amesoma katiba darasani kwa Kifaransa, anapaswa kujua maana ya pili: kwamba bunge limetumia haki yake, mawaziri wanaondoka, na nchi inabaki ilivyokuwa. Lakini akiulizwa na mama yake, kwa Kiswahili, ni kitu gani hasa kilichoanguka, je, ataweza kujibu?

Makala hii inahusu swali hilo. Inaeleza mafunzo ya serikali na siasa yanadai nini kwa kijana wa madarasa ya juu ya sekondari, na inaonyesha kwa mifano michache kwamba ugumu wa somo hili uko kwa sehemu kubwa katika maneno. Kiswahili hakikosi maneno ya kulifundishia. Kinachokosekana mara nyingi ni mpaka ulio wazi kati ya neno na neno.

1. Somo lenyewe linadai nini

Mafunzo ya serikali na siasa yana ngazi tatu. Ya kwanza ni kutaja. Mwanafunzi anataja vyombo vya nchi na hesabu zake: Rais wa Jamhuri huchaguliwa kwa miaka mitano, na muhula wake waweza kurudiwa mara moja tu, Baraza la Wabunge lina viti 500, Korti ya Katiba ina majaji tisa. Ya pili ni kueleza. Hapo mwanafunzi anaonyesha jinsi chombo kimoja kinavyokishika kingine: hoja ya kuiondolea serikali imani haipokelewi mpaka itiwe sahihi na robo ya wabunge, yaani watu 125, haipigiwi kura kabla ya saa 48 kupita, na haipiti bila wingi wa wabunge wote, yaani kura 251, hata kama siku ile waliohudhuria ni wachache. Ya tatu ni kupima. Kwa nini saa 48? Je, muda huo unawapa wabunge nafasi ya kutafakari, au unawapa wakubwa nafasi ya kuwanunua? Swali la namna hii halina jibu moja la kukariri. Linataka hoja, na hoja ya upande wa pili, kisha uamuzi.

Ngazi hiyo ya tatu ndiyo inayolifanya somo kuwa la madarasa ya juu. Uingereza, ambako Serikali na Siasa ni somo kamili kwa vijana wa miaka 16 hadi 18, mtihani wake una sehemu tatu, kila moja ya saa mbili, na alama nyingi hutolewa kwa insha. Mwanafunzi wa huko huweza kuulizwa kama bunge linaidhibiti serikali vya kutosha. Yule anayeorodhesha mamlaka ya bunge bila kuyapima hafiki mbali. Anategemewa ajue, kwa mfano, kwamba tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa bungeni kwa kura 311 dhidi ya 310, uchaguzi ukaitishwa, na Malkia, aliyekuwa mkuu wa dola, hakuguswa na kura hiyo. Kisha anategemewa aeleze kwa nini jambo hilo ni la nadra.

Kongo, mafunzo hayo hupitia somo la uraia na maadili, pamoja na historia. Mtihani wa Taifa, nje ya insha, hutegemea sana maswali ya kuchagua jibu. Mtihani wa namna hiyo hupima vizuri ngazi ya kwanza, hugusa ya pili, na huiacha ya tatu mikononi mwa mwalimu. Tena Kifaransa ndicho lugha ya kufundishia katika sekondari. Kwa hiyo kijana anaweza kushinda maswali yote juu ya vyombo vya nchi bila kutunga hata sentensi moja ya kueleza mambo hayo katika lugha anayoizungumza sokoni, kanisani na kwenye foleni ya kupiga kura.

2. Dola na serikali

Mfano mkubwa kuliko yote ni tofauti ya dola na serikali. Dola ni umbo la kudumu: nchi yenye mipaka yake, watu wake na mamlaka yake juu yao, ambayo haifi mkuu wake akifa. Serikali ni kundi la watu waliopewa kuendesha mambo ya dola kwa muda. Serikali huja na kwenda. Dola hubaki.

Maneno yote mawili ni ya zamani katika Kiswahili. Serikali lilitoka Uajemi, ambako lilimtaja mkuu wa shughuli. Dola lilitoka Uarabuni. Hata hivyo katika mashariki ya Kongo mipaka yao haikujengwa na shule. Ilijengwa na historia. Wakati wa ukoloni, mamlaka yote yalikuwa kitu kimoja mbele ya mtu mweusi: mkusanya kodi, hakimu, askari na msimamizi wa kazi za lazima. Kitu hicho kiliitwa Bula Matari, jina la Kikongo la mvunja mawe alilopewa kwanza Stanley. Kiliitwa pia leta, kutoka neno la Kifaransa la dola, na neno hilo limeenea hata katika Kinyarwanda na Kirundi. Leta haikugawanyika. Hapakuwa na sababu ya kutofautisha anayetunga sheria na anayeitekeleza, kwa kuwa raia hakumchagua hata mmoja wao.

Uhuru ulipofika, tofauti iliyokosa jina ikawa jambo la kufa na kupona. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 iliweka mkuu wa dola, Joseph Kasa-Vubu, na mkuu wa serikali, Patrice Lumumba. Sheria hiyo ilisema kwamba mkuu wa dola humteua waziri mkuu na kumwondoa. Lakini pia ilimfanya waziri mkuu awajibike mbele ya bunge. Tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba. Lumumba naye alitangaza kwamba Kasa-Vubu ameondolewa. Bunge lilikataa maamuzi yote mawili. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu alitangaza kuwaweka kando wote wawili. Mwanafunzi anayesoma mkasa huo bila kutenganisha dola na serikali anaona ugomvi wa watu wawili tu. Akiyatenganisha, anaona pia kasoro ya sheria: watu wawili waliopewa mamlaka yanayogongana, pasipo mwamuzi aliyekubaliwa na pande zote.

Miaka kumi na minne baadaye, tofauti hiyo ilifutwa kwa sheria. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1974 yaliifanya MPR kuwa chombo pekee cha nchi. Bunge, serikali na mahakama vikawa viungo vya chama. Chama, serikali na dola vikawa mwili mmoja. Basi si ajabu kwamba kizazi kizima kilichosoma chini ya utaratibu huo, hadi tangazo la tarehe 24 Aprili 1990 la kumaliza chama kimoja, hakikuona haja ya maneno mawili.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imerudisha mgawanyo, na imejaribu kuziba shimo la 1960. Rais ni mkuu wa dola. Waziri Mkuu ni mkuu wa serikali. Rais humteua Waziri Mkuu kutoka katika wingi wa wabunge, lakini hamwondoi kwa kalamu tu. Anamaliza kazi yake pale Waziri Mkuu anapoleta barua ya kujiuzulu ya serikali. Mwenye uwezo wa kumlazimisha ni Baraza la Wabunge, kwa hoja iliyoelezwa hapo juu. Upande wa pili, mgogoro kati ya serikali na Baraza ukiendelea, Rais anaweza kulivunja Baraza hilo, kwa masharti. Ndiyo maana tukio la Januari 2021 lilikuwa jambo la kikatiba, hata kama siasa iliyokuwa nyuma yake ilikuwa kali. Kilichoanguka ni serikali. Dola haikuanguka.

Hapa mwalimu wa Kiswahili anakutana na shida ndogo lakini ya kweli. Neno dola, katika nchi ambayo bei nyingi hutajwa kwa fedha ya Marekani, humletea kijana picha ya noti kabla ya picha ya mamlaka. Darasa likisikia “mkuu wa dola” kwa mara ya kwanza, halikosi kucheka. Katiba ya Tanzania ilichagua njia nyingine: humwita Rais Mkuu wa Nchi na Kiongozi wa Serikali, kwa kuwa huko mtu mmoja amebeba vyeo vyote viwili. Kongo, vyeo hivyo viko kwa watu wawili, na kwa hiyo haja ya kuvitenganisha ni kubwa zaidi. Mkuu wa nchi kwa Rais, mkuu wa serikali kwa Waziri Mkuu: matumizi hayo yanaeleweka pande zote. Neno dola lisiachwe, ila litumike pale ambapo nchi kama ardhi na dola kama mamlaka havina budi kutofautishwa. Nchi inaweza kuwa na milima na mito. Dola ina mipaka, sheria na majeshi.

3. Jimbo na mkoa

Mfano wa pili unaonyesha hatari ya kukopa istilahi bila kukagua. Mwanafunzi wa Kongo akichukua kitabu cha Tanzania atasoma juu ya mbunge wa jimbo na mkuu wa mkoa. Huko, jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Mkoa ni sehemu ya utawala, na mkuu wake huteuliwa na Rais. Kongo, jimbo ni kitu tofauti kabisa. Ni moja ya sehemu 26 zilizowekwa rasmi mwaka 2015 badala ya 11 za awali, lenye baraza lake na gavana anayechaguliwa na wabunge wa jimbo hilo. Nchini Kenya, neno majimbo linabeba mzigo mwingine tena: linakumbusha katiba ya 1963 iliyogawa mamlaka kwa mikoa, na ubishi uliofuata kwa miaka mingi, hadi katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47 zenye magavana wanaochaguliwa.

Tofauti hizo si za mtunga kamusi peke yake. Katiba ya Kongo imeyatengea majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, na imesema fungu hilo likatwe papo hapo kwenye chanzo. Kanuni hiyo na utekelezaji wake vimeleta ubishi usiokwisha kati ya Kinshasa na majimbo. Mwanafunzi anayelifikiria jimbo kana kwamba ni mkoa wa Tanzania, yaani mkono mrefu wa serikali kuu, hataona ubishi unatoka wapi. Atadhani gavana anaomba hisani. Anayejua kwamba jimbo lina mamlaka yake mwenyewe katika katiba ataelewa kwamba gavana anadai haki, kisha ataweza kuuliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: je, jimbo lenyewe linawapa wilaya na miji yake fungu lao?

4. Raia na siasa

Maneno mawili ya mwisho yanahusu mtu mwenyewe na kazi yake.

Raia, katika asili yake ya Kiarabu, alikuwa mtu wa kuchungwa: kundi lililo chini ya mchungaji, watu walio chini ya mtawala. Kiswahili cha leo kimeligeuza neno hilo kumtaja mwenye haki katika nchi yake. Hata hivyo katika mazungumzo ya Kongo raia mara nyingi ni yule asiye askari, yaani mtu asiye na bunduki, ambaye mambo humpata. Maana hizo tatu, mchungwa, asiye na silaha na mwenye haki, zinaishi pamoja katika neno moja. Katiba ya 2006 inaegemea ya tatu. Mamlaka yote ni ya wananchi. Mtu wa miaka 18 hupiga kura. Na raia 100.000, wakitia sahihi ombi na kulipeleka kwa moja ya mabaraza mawili ya bunge, wanaweza kuanzisha marekebisho ya katiba yenyewe. Kijana wa mwaka wa mwisho wa humanite yuko kwenye kizingiti hicho cha miaka 18. Maana atakayoondoka nayo shuleni ndiyo atakayopigia kura.

Siasa nalo lina safari yake. Katika Kiarabu linahusiana na kazi ya kumtunza na kumwongoza farasi, na katika Kiswahili cha zamani kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya kwa upole na uangalifu. Kongo, neno linalosikika zaidi ni politiki, nalo husemwa mara nyingi kwa maana ya ujanja: mtu wa politiki ni mtu wa kuahidi asichokusudia. Mwalimu hawezi kuipuuza maana hiyo, kwa sababu wanafunzi wanaingia nayo darasani na wana sababu zao. Bali aweza kuonyesha kwamba somo linahusu jambo pana zaidi: jinsi watu wenye mahitaji yanayopingana wanavyofikia uamuzi mmoja pasipo kupigana. Ujanja ni sehemu ya mambo hayo, lakini bajeti ya shule, sheria ya migodi na uchaguzi wa gavana ni sehemu yake pia.

Tanzania imepitia mabadiliko yanayofaa kukumbukwa hapa. Wakati wa chama kimoja, shule zake zilikuwa na somo lililoitwa Siasa, ambalo lilifundisha pia itikadi ya chama. Baada ya sheria ya vyama vingi ya 1992, nafasi yake ilichukuliwa na Uraia. Jina lilibadilika kwa sababu jambo lililofundishwa lilipaswa kubadilika: kutoka kumfundisha kijana msimamo wa chama, kuelekea kumfundisha haki na vyombo vya nchi. Jina la somo si pambo. Humwambia mwanafunzi anatarajiwa kuwa nani.

5. Njia ya kufundishia

Kutokana na mifano hiyo, inawezekana kupendekeza mwendo mfupi wa somo moja, usiohitaji kitabu kipya wala fedha.

Kwanza, mwalimu achague ibara moja ya katiba, na darasa liisome kwa Kifaransa, kama mtihani unavyodai. Pili, wanafunzi waandike maana yake kwa Kiswahili katika sentensi mbili, bila kutumia neno la Kifaransa lililoachwa jinsi lilivyo. Ugumu unapotokea, usirukwe. Pale ambapo sentensi inakwama ndipo penye fundisho. Mwanafunzi anayeshindwa kuamua kama aandike serikali au dola amekwisha kuona swali ambalo Kasa-Vubu na Lumumba waligombana juu yake. Tatu, ibara hiyo ijaribiwe kwa tukio moja lenye tarehe: Septemba 1960, au Januari 2021. Nne, darasa ligawanyike kwa pande mbili na kubishana kwa Kiswahili, upande mmoja ukitetea ibara na mwingine ukiipinga. Kesho yake pande zibadilishane. Tano, kila mmoja aende nyumbani kumweleza mtu mzima mmoja jambo lililofundishwa, na arudi na swali aliloulizwa.

Hatua ya tano ndiyo mtihani wa kweli. Maswali ya nyumbani hayafuati mpangilio wa kitabu. Tangu Oktoba 2024, Rais Tshisekedi alipotangaza mjini Kisangani nia ya kuunda tume ya kutayarisha katiba mpya, swali lililo midomoni mwa watu limekuwa kama katiba inarekebishwa au inabadilishwa. Kwa Kiswahili vitenzi hivyo viwili vinakaribiana sana, lakini katika sheria viko mbali. Kurekebisha hufuata ibara za katiba yenyewe na hukutana na ibara ya 220, ambayo inakataza kugusa, pamoja na mambo mengine, idadi na urefu wa mihula ya Rais. Kuandika katiba nyingine kunafungua swali kama katazo hilo bado linashika. Kila raia ana haki ya kuwa na msimamo wake juu ya jambo hilo. Kazi ya darasa ni kuhakikisha kwamba anapousema msimamo huo, anajua kitenzi alichokitumia kinamfikisha wapi.

6. Hitimisho

Katiba ya Kongo haikulisahau jambo la lugha. Imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, imeipa dola wajibu wa kueneza na kufundisha katiba, na imeitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa kwake. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na watafsiri wa Kinshasa peke yao. Tafsiri huhitaji istilahi zilizokubaliwa; istilahi huhitaji watu wanaozitumia; na watu hao huanzia shuleni. Tanzania, ambayo bunge lake hujadili kwa Kiswahili na ambayo mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ina hazina ya maneno inayoweza kusaidia, mradi kila neno lipimwe kwa vyombo vya Kongo kabla ya kupokelewa, kama neno jimbo linavyoonya.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina sehemu yao ya wazi: kukusanya maneno ambayo walimu wa sekondari wanayatumia tayari, kuonyesha yanapogongana, na kuwarudishia orodha fupi yenye mifano. Kazi hiyo ni ya kawaida, nayo haina sifa nyingi. Lakini siku nyingine ambapo itasemwa kwamba serikali imeanguka, itakuwa vema katika kila nyumba kuwe na kijana mmoja wa kueleza kwa Kiswahili nini kimeanguka, nini kimesimama, na kwa nini watoto wanaweza kwenda shuleni kesho yake.